Onyesho la Mzee H: kisa cha klabu ya stempu, kikao kilichovunjika na kilichofuata

Kabla ya kuanza

Majina nimeyatoa, mji siutaji, na vitu viwili vitatu vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Nimeandika kwa ajili ya wale wanaoendesha klabu ndogo za wakusanyaji stempu au wanaotaka kuanzisha, maana naamini kabisa kwamba onyesho la mwanachama ndiyo roho ya klabu, likiharibika hilo mnabaki genge la kuuziana tu, na kuuziana siku hizi mtu anafanya kwenye simu yake akiwa kitandani.

Klabu ilivyokuwa

Ni klabu ya mji wa pwani, kikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri mpaka karibu na magharibi, kwenye darasa la shule waliloazimwa. Kwenye daftari wapo watu ishirini na kitu ila wanaofika ni kumi, kumi na mbili hivi. Nusu ni wazee, wastaafu wa posta na bandari na walimu. Nusu ni vijana, wengine wamerithi albamu ya babu na hawajui waifanyie nini, wengine wameanza wenyewe kwa kununua mtandaoni.

Wanachopenda wengi ni stempu za huku kwetu za zamani, yaani za wakati wa Mjerumani zenye ile meli ya Kaiser, mfalme wao, za mwanzo thamani imeandikwa kwa pesa halafu kuanzia 1905 kwa heller, yote ni majina ya sarafu za wakati huo, kisha zile zilizogongwa juu yake herufi G.E.A. (German East Africa) baada ya Mwingereza kuingia, twiga za Tanganyika za miaka ya 1920, na zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania mpaka zilipokoma miaka ya 70. Zanzibar ni habari nyingine kabisa, ilikuwa na posta yake tangu enzi za ofisi ya posta ya India ya 1875, stempu za India zikagongwa neno Zanzibar mwaka 1895, mwaka uliofuata zikaja za kwake zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, na ikaendelea na stempu zake mpaka mwisho wa 1967. Kumbuka hii ya Zanzibar maana ndipo kisa kilipo.

Zamani kikao kilikuwa biashara tupu. Unafika, unafungua stokibuku yako, yaani kitabu cha kuhifadhia stempu, mnabadilishana mnauziana, chai, mnaondoka. Mwenyekiti akaona vijana wakishapata wanachotaka hawarudi, akaleta wazo kwamba kila kikao mwanachama mmoja aonyeshe mkusanyo wake na auelezee.

Maonyesho ya mwanzo

La kwanza kabisa halikwenda vizuri. Mzee mmoja alileta albamu sita, akaanza ukurasa wa kwanza wa albamu ya kwanza, saa moja na nusu baadaye bado yuko albamu ya pili na watu wamesinzia, halafu albamu zinapitishwa mkono kwa mkono, mwingine ana mafuta ya sambusa vidoleni, juu pangaboi linazunguka kwa nguvu. Stempu mbili ziliruka zikaanguka chini ya madawati. Anayeishi pwani anajua pia habari ya unyevu, stempu ambayo haijatumika ina gundi nyuma, ukiishika na jasho la mkono imekwisha, inaganda kwenye karatasi au inaota madoa ya kahawia.

Ila lilikuja moja zuri sana. Mwalimu mmoja mstaafu alileta shiti chache tu (kurasa zilizopangwa stempu na maelezo), labda kumi na mbili, za stempu za pamoja za Afrika Mashariki, na hoja yake ilikuwa moja: angalieni majina ya nchi yamepangwaje. Stempu hii inaanza Kenya, ya pili kwenye seti hiyohiyo inaanza Uganda, ya tatu Tanzania. Watu walikuwa nazo hizo stempu tangu utoto na hawakuwahi kuona! Alizungumza robo saa, maswali yakaenda nusu saa, kila mtu akarudi nyumbani kufungua albamu yake. Hakukuwa na stempu hata moja ya bei mbaya pale, zote ni za kawaida kabisa.

Kwa hiyo mfano mzuri ulikuwepo tayari, lakini hakuna aliyeukalia chini kuugeuza utaratibu. Kila mtu aliendelea kuonyesha anavyojua.

Siku yenyewe

Zamu ikafika ya Mzee H. Ni mtu mtaratibu, anaheshimika, alikuwa mtoto visiwani mwaka 1964. Onyesho lake aliliita Unguja kutoka uhuru mpaka Mapinduzi. Alianza na seti ya uhuru ya Desemba 1963, akaeleza kwamba mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani hayupo tena lakini stempu zilizopo posta zote zina sura ya Sultani. Barua lazima ziende. Kwanza makarani wakawa wanachora kwa kalamu juu ya ile sura, halafu ndani ya siku chache tu vikaja vihuri vya mkono vya JAMHURI 1964, vinagongwa juu ya stempu zilezile, na baadaye ndiyo ikaja chapa safi ya mashine. Kwa kweli ni moja ya vipindi vitamu sana kwenye stempu za Afrika yote, unaiona serikali mpya kwenye kipande cha karatasi kabla haijawa hata na karatasi zake.

Na mzee hakuwa anasoma, alikuwa anakumbuka. Alisimulia duka la mtaani kwao, barua ya mjomba wake, mambo ambayo huyakuti kwenye katalogi yoyote, vile vitabu vya orodha na bei za stempu. Watu walikuwa kimya wanasikiliza.

Sasa kijana K, mmoja wa wale vijana makini sana, anasoma, ana lenzi yake ya kubana kwenye simu, alikuwa amesogea mezani anapiga picha. Katikati ya maelezo akasema kwa sauti, "Mzee samahani, hii ya kwenye kipande cha bahasha ni feki, mhuri wa posta uko chini ya neno JAMHURI, na mimi mwezi uleee uliniuzia moja ya hizihizi."

Darasa lilinyamaza. Mzee H hakujibu kitu, akakusanya shiti zake moja moja, akafunga faili, akaaga kwa adabu, akaondoka kabla ya chai. K akabaki anajaribu kueleza kwamba hakumaanisha vibaya ila hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Grupu la WhatsApp

Usiku huohuo K akaweka ile picha kwenye grupu, ameizungushia duara jekundu, na maelezo marefu. Nia yake nadhani ilikuwa kuonyesha kwamba hakukurupuka. Lakini matokeo ndiyo hayo tunayoyajua, wengine wakasema vijana wameota mapembe, wengine wakasema kumbe tunauziwa feki miaka yote, mmoja akasambaza picha nje ya grupu, na mtu ambaye hata si mwanachama akaja kuuliza kama huyo mzee anauza mkusanyo wote, akajibiwa na mwenzetu mpaka na mtaa anaokaa mzee. Hapo ndipo watu waliposhtuka, maana mkusanyo wa stempu ni mali inayobebeka kwenye mfuko wa rambo, na sasa watu wasiojulikana wanajua iko nyumba gani.

Kamati iliamua nini na kwa nini

Kamati ni watu watatu, mwenyekiti, mama mweka hazina na katibu. Walikutana siku ya tatu. Mezani yaliwekwa mapendekezo kadhaa na nayaandika kwa sababu kila klabu itayafikiria hayohayo.

Kumtaka K aombe radhi mbele ya kikao kizima. Walilikataa, na mimi naona hapo ndipo walipookoa klabu. Mama mweka hazina alisema hivi: akiomba radhi kwa alichokisema na kumbe ni kweli, tutakuwa tumewafundisha watu wote kunyamaza wakiona feki. Alichokosea ni mahali na namna, na ile picha.

Kusimamisha maonyesho kwa muda. Hilo nalo lilikataliwa, kwa kuwa wote walijua ukisimamisha hayarudi.

Kutuma zile stempu Uingereza kwa kamati ya wataalamu, kama ile ya Royal Philatelic Society London inayotoa vyeti vya uhalisi. Hili lilijadiliwa sana. Kinadharia ni jibu safi. Lakini gharama ya cheti kwa stempu moja ilizidi thamani ya stempu zenyewe, na la pili, stempu ni za mzee, klabu haiwezi kumwamulia mtu apeleke mali yake ikachunguzwe kana kwamba yuko mahakamani.

Waliloamua ni kwanza kufunga mjadala kwenye grupu usiku huohuo wa kikao cha kamati na kuomba picha zifutwe, halafu mwenyekiti pamoja na yule mwalimu mstaafu, ambaye ni rika la Mzee H, waende nyumbani kwake kumjulia hali. Hawakubeba lenzi, hawakubeba katalogi. Kwetu huku jambo la aibu ya mtu mzima halimalizwi kwa meseji, unaenda, unakaa, unakunywa kahawa, mwenyewe akitaka kulisema atalisema.

Na alilisema. Alizitoa zile shiti mwenyewe, akasema, mimi nilizinunua miaka ya themanini kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya marehemu baba yake, sikuwahi kuwa na shaka, sasa silali, nataka nijue. Akaomba K aletwe.

K akaja wiki iliyofuata na mwalimu akiwepo. Shikamoo, akaomba radhi kwa kulisema mbele za watu na kwa ile picha. Hakuombwa afute alichokiona na hakukifuta.

Walichokiona chini ya lenzi

Hapa niende pole pole maana ndiyo sehemu ambayo wengi wanakosea, na K mwenyewe alikuwa sahihi nusu.

Vihuri vya JAMHURI viligongwa kwa mkono, kwa hiyo vya halali vyenyewe vinatofautiana, vingine vimepinda, vingine vizito, vingine hafifu, vingine kichwa chini. Na stempu za Sultani za 1961 ambazo hazijagongwa kitu ni nyingi na za bei rahisi. Mtu mwenye kihuri cha kuchonga na kidau cha wino anaweza kukaa chumbani akatengeneza "adimu" jioni moja. Ndiyo maana hizi zinatakiwa kuangaliwa kwa umakini kuliko karibu kitu kingine chochote cha Zanzibar.

K alitegemea wino upi uko juu. Wazo lenyewe lina mantiki: posta inagonga JAMHURI kwanza, stempu inauzwa, barua inapita, ndipo mhuri wa tarehe unagongwa, kwa hiyo mhuri wa tarehe lazima uwe juu. Shida ni kwamba pale wino mbili nyeusi zinapokutana, kusema ipi iko juu kwa lenzi ya simu ni ngumu mno. Wino wenye mafuta mengi utaonekana uko juu hata kama ulitangulia. Walizigeuza kwenye mwanga wa pembeni, wakabishana, hawakupata jibu la uhakika kwa njia hiyo.

Jibu lilitoka kwenye kitu cha kawaida kabisa, tarehe. Kwenye kile kipande cha bahasha, nusu ya mhuri wa posta ilikuwa inasomeka, na walipousoma kwa makini, herufi kwa herufi, ulikuwa wa Novemba 1963. Barua iliyopita posta Novemba 1963 haiwezi kuwa na neno JAMHURI 1964 ila limegongwa baadaye na mtu. Hapo hakuna ubishi tena wala huhitaji mtaalamu wa London.

Zile nyingine, pamoja na ile aliyouziwa K, hazikuwa zimetumika, hazina mhuri wa tarehe wa kulinganisha. Walichoweza kusema kwa haki ni kwamba haijulikani. Mzee H alimrudishia K pesa yake palepale bila kuombwa, K naye akarudisha stempu. Kwenye kile kipande cha bahasha mzee akaandika nyuma kwa penseli laini neno bandia kwa mkono wake.

Utaratibu mpya

Kikao kilichofuata kamati ilileta mapendekezo na yakapita baada ya mabishano ya kutosha. Onyesho moja ni fremu moja, yaani shiti 16, kipimo kilekile kinachotumika kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ambako kuna kundi zima la mashindano ya fremu moja. Maelezo dakika 15. Kila shiti ndani ya plastiki yake, zimepangwa mezani, watu ndio wanaozunguka na siyo albamu. Chai na vitafunwa meza ya nyuma, na kunawa kabla ya kurudi. Pangaboi linazimwa wakati wa onyesho, ni joto ndiyo, ndiyo maana dakika 15.

Picha hakuna bila mwenye mali kukubali, na ikipigwa haitajwi jina wala mtaa.

Kuhusu uhalisi, mwenye onyesho anajaza karatasi ndogo kabla, na moja ya maswali ni je, unaomba maoni kuhusu uhalisi wa kitu chochote? Akisema ndiyo, wanajadili wazi. Akisema hapana, mwenye shaka anamfuata pembeni baadaye au anamwambia katibu. Na baada ya chai kuna meza ya lenzi ambapo mtu analeta kitu chake mwenyewe kiangaliwe.

Kwenye kuuziana sheria ilikuwa kali zaidi. Ukishajua kitu kina mashaka unasema kabla ya kupokea hela, na mnunuzi ana haki ya kurudisha mpaka kikao kinachofuata.

Ilivyoishia

Baada ya miezi kama mitatu Mzee H aliomba zamu tena. Shiti zilezile, hadithi ileile ya mjomba, ila ameongeza shiti moja ambayo ameweka kile kipande cha bahasha katikati na maelezo yake: kwa nini hiki si halali. Zile ambazo hazijulikani amezitenga na kuandika hivyohivyo. Akaweka tiki ya ndiyo kwenye ile karatasi. Nilikuwepo, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijaona mjadala mzuri kama ule kwenye klabu yoyote, watu walichelewa magharibi. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliuliza kwa nini posta haikusubiri tu stempu mpya, na mzee akamjibu kwa dakika kumi.

K alikuwepo pia ila alikaa nyuma na hakusema kitu. Ilimchukua muda mrefu kurudi kuwa yule wa kuuliza maswali. Na wanachama wawili hawajarudi mpaka leo, mmoja mzee aliyeona kijana ameachiwa, mmoja kijana aliyeona mzee amebebwa.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Ile ziara ya nyumbani ndiyo iliyobeba kila kitu. Ingekuwa kamati imeandika barua, hata ya lugha nzuri namna gani, mzee angejibu kwa barua na ingeishia hapo. Na kutenganisha alichokisema K na alivyokisema, hilo naliona ni jambo ambalo klabu nyingi zingelikosa, zingechagua upande.

Fremu moja imeleta faida ambayo haikutegemewa. Wale vijana waliorithi albamu walikuwa wanaogopa kuonyesha kwa sababu hawana mkusanyo mkubwa, ila shiti 16 mtu anajaza. Mmoja ameonyesha bahasha za barua za bibi yake tu, stempu za kawaida, mihuri ya vituo vidogo vya posta ambavyo vingine havipo tena, na lilikuwa onyesho la historia ya posta kamili. Wazee wenye albamu nyingi walinung'unika kwa haki, mkusanyo wa miaka arobaini hauingii fremu moja, kwa hiyo wamepewa vikao viwili kwa mwaka vya kuleta albamu nzima, bila hotuba, watu wanazunguka wenyewe.

Ile karatasi ya ndiyo na hapana inafanya kazi nusu. Karibu wote wanaweka hapana, kwa hiyo shaka zinaenda pembeni na huko pembeni hazifiki mwisho. Mimi ningependa ndiyo iwe jibu la kawaida na anayetaka hapana ndiye aombe, ila sijashinda hoja hiyo kwenye kikao.

Meza ya lenzi imegeuka. Badala ya watu kuleta vitu vya kuchunguza wanaleta vitu vya kuuliza bei, foleni nzima ni "hii inaweza kuwa shilingi ngapi", na anayejua kuangalia tarehe na wino anaishia kupekua katalogi ya bei jioni yote. Wamejaribu kuweka meza mbili, ya bei na ya lenzi, lakini watu wa kuzikalia ni walewale wawili. Kwa sasa wanafundisha wengine watatu kusoma mihuri ya posta, wakianza na za KUT, zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu kila mtu anazo nyumbani na ukikosea hujaharibu kitu cha thamani.

Na grupu bado ni shida. Picha zimepungua ila bado kuna mtu anasahau, na ile ya kutaja mtaa imejirudia mara moja, kwa nia njema tu, mtu alikuwa anaelekeza nyumbani kwa mwenyekiti kwa mgeni. Katibu sasa anaipitia grupu kila jioni na kufuta, kazi ambayo hakuna aliyemwomba aifanye na ambayo akiichoka hakuna wa kumpokea.